Shahidi wa Sita Alimwona Mbwa

Saa moja na nusu asubuhi, Ijumaa, na umande bado umelala kwenye nyasi za soko la Lubao, Kakamega. George Shitanda anaegemeza baiskeli yake kwenye ua, anashusha kikapu chenye mbwa wadogo watano, kisha anawafungua wakubwa wawili waliokuja kwa miguu wakimfuata. Anawafunga kila mmoja kwenye kigingi chake. Kati ya kigingi na kigingi anapima hatua tatu. Wakikaribiana zaidi ya hapo wataumana, na wakiachana zaidi, mnunuzi hatawaona wote kwa mtazamo mmoja.

Mnunuzi wa kwanza ni mama wa makamo kutoka Khayega. Ameibiwa kuku mara mbili mwezi huu na anataka mbwa mkali.

"Huyu mchana analalanga kama mgonjwa," Shitanda anamwambia, akimfunua mdomo mbwa mweusi ili meno yaonekane. "Giza likiingia utamjua ni nani."

"Anakula nini?"

"Unachokula wewe. Lakini usimpe mayai, hata ganda. Akizoea, utarudi hapa kunilaumu."

Mama bado anafikiria pale muuzaji wa pili, Wesley Ochieng, anapopaza sauti kutoka upande wa pili wa vigingi. "Shitanda! Umesikia Immaculate amezaa? Watoto sita! Hata macho hawajafungua!"

Mama wa Khayega anageuka kwa mshtuko. "Sita? Maskini! Amezalia hospitali gani?"

Wauzaji wanacheka hadi mmoja anakaa chini. Wesley anamweleza mama kwamba Immaculate mwenyewe ni mwalimu na yuko salama darasani. Aliyezaa ni mbwa aliyemnunua hapa mwaka jana. Katika soko hili mbwa hana jina mpaka anunuliwe, na akishanunuliwa, wauzaji humwita jina la mwenye kumnunua. Wakiulizana habari za Immaculate au za Quinter, mara nyingi wanamaanisha mbwa.

Mama naye anacheka. Shitanda hacheki.

"Mbwa wa Immaculate," anasema kwa sauti ya chini, akikaza fundo la kamba. "Sema mbwa wa Immaculate."

Wesley anainamia wanyama wake. Anajua kwa nini mwenzake, mwenye umri wa miaka hamsini na minne na ambaye ameuza mbwa hapa kwa miaka ishirini na miwili, hawezi tena kuvumilia mzaha huo. Soko zima linajua.

Kijana mmoja wa Kabras, Phanuel, alitiwa mbaroni akiwa na umri wa miaka kumi na sita kwa shtaka la mauaji. Sasa ana miaka ishirini na miwili na kesi bado haijaamuliwa. Jambo kubwa lililomfikisha kizimbani ni sentensi moja aliyoisema Shitanda mbele ya polisi. Ndani ya sentensi hiyo yalikosekana maneno mawili: mbwa wa.

Ilikuwa Oktoba, mwaka wa 2019. Shitanda alikuwa anarudi nyumbani kutoka sokoni, jua likikaribia kutua, akisukuma baiskeli kwenye njia nyembamba inayopita kati ya mashamba ya miwa. Mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha, alichomoka kwenye miwa akavuka njia mbele yake.

"Nilimjua mara moja," anasema. "Nilimuuza mimi. Alinunuliwa na Phanuel, kijana wa Musimbi, akiwa bado ananyonya, nikamwambia subiri wiki mbili, akakataa. Sasa amekuwa mkubwa, anaburuta kamba. Nikamwita. Hata hakunitazama."

Asubuhi iliyofuata, mzee aliyeitwa Makhanu, mlinzi wa miwa, alipatikana amekufa katika shamba lile lile. Shingo yake ilikuwa na alama za kunyongwa. Polisi walisimama njiani wakiuliza kila aliyepita hapo jana yake.

Shitanda alijibu kama anavyojibu sokoni. Alisema alimwona Phanuel akitoka kwenye miwa mbio, akiburuta kamba, na alipomwita hakugeuka.

Afisa aliandika kwa Kiingereza, kwa haraka, karatasi ikiwa juu ya boneti ya gari. Shitanda, ambaye aliacha shule akiwa darasa la tano, aliweka sahihi palipoonyeshwa. Kiswahili hakikumsaidia yeyote kati yao. Mtu anakuja na mbwa anakuja, yule na yule, alimwona na alimwita. Hakuna silabi hata moja katika maneno yale iliyosema kwamba aliyepita alikuwa na mkia.

Siku ya tatu Phanuel alikamatwa. Ilijulikana kwamba wiki hiyo hiyo alikuwa amezozana na mzee Makhanu, ambaye alitishia kumwua mbwa wake kwa kula vifaranga. Nyumbani kwao ilichukuliwa kamba ya katani ya kufungia mbwa, ikawekwa kwenye mfuko kama kielelezo. Mama yake, Musimbi, aliwaambia polisi kwamba jioni ile kijana alikuwa naye wakipura maharagwe, na kwamba mbwa alikuwa amekata kamba tangu adhuhuri. Aliambiwa kwamba ni kawaida ya mama kumtetea mwanawe.

Na Shitanda? Alisikia habari hizo hapa hapa sokoni, akatikisa kichwa kama wengine.

"Nilidhani polisi wana yao waliyoyapata," anasema. "Sikujua wana yangu tu. Nilisema hata mimi, kwa huu mdomo, kwamba watoto wa siku hizi wameharibika."

Anasimama kidogo kumwongezea mbwa mmoja maji. Anapoanza tena kuongea hatazami juu.

Phanuel alipelekwa kwanza kwenye makao ya watoto wanaosubiri kesi. Dhamana ilitaka hati ya shamba, na shamba la kwao bado limeandikwa kwa jina la babu aliyefariki zamani. Mwaka uliofuata corona ilifunga mahakama. Alipotimiza miaka kumi na minane alihamishiwa rumande ya watu wazima, na kesi ilikuwa haijasikizwa hata siku moja.

Mwanzoni mwa 2021 Shitanda aliitwa mjini Kakamega kujiandaa kutoa ushahidi. Mwanamke kijana wa upande wa mashtaka alimsomea taarifa yake, akiifasiri kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba shahidi alimtambua mvulana huyo vizuri kwa kuwa alikuwa amemfahamu tangu utotoni, Shitanda alimkatiza.

"Nilimwambia, madamu, hapo mimi nilisema mbwa. Akaniuliza, mbwa amefanya nini? Nikamwambia mbwa ndiye alipita. Akafunga faili. Akaniambia, mzee, maneno yako utayasema kortini, usibadilishe kitu hapa."

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Alikuwa amebakisha mwezi mmoja hadi tarehe ya kusikizwa.

Hapo ndipo lilipo jambo analosema litamfuata mpaka kaburini, na yeye hulitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Hakwenda. Mtu fulani alimwambia kwamba shahidi anayegeuza maneno hufungwa kwa kuwadanganya polisi. Alifunga kibegi, akaenda kwa binamu yake Lugari, akakaa huko miezi minne akipalilia mahindi ya watu.

"Nilikuwa naamka nasema, kesho nitarudi," anasema. "Kesho inakuwa kesho."

Siku ya kusikizwa mashahidi watano walifika. Wa sita hakuonekana. Kesi iliahirishwa kwa miezi minane. Kabla ya miezi hiyo kwisha, jaji aliyekuwa ameanza kuisikiliza alihamishwa, na mwingine alipokuja alianza na lundo la kesi alizozikuta. Mwaka wa 2023 daktari aliyeupasua mwili hakupatikana mara tatu. Mwaka uliofuata faili ilitafutwa wiki kadhaa.

Siku nyingi kesi haikusikizwa bali ilitajwa tu: inasomwa, inapangiwa tarehe nyingine, watu wanarudi nyumbani. Neno hilo Shitanda amelizoea kiasi kwamba analitumia hata sokoni: mnunuzi akija, akashika mbwa, akauliza bei na kuondoka, husema mbwa huyo ametajwa. Aliporudi kutoka Lugari alihudhuria kila tarehe, aitwe asiitwe. Karatasi za wito anazihifadhi kwenye mfuko wa unga uliokung'utwa vizuri. Ziko kumi na saba. Kila alipokwenda alipoteza siku ya kazi, na kwa mtu anayeuza mbwa watatu au wanne kwa wiki, kwa shilingi mia tano hadi elfu moja kila mmoja, siku si kitu kidogo. Lakini halalamiki. Anasema kuna mtu aliyepoteza siku nyingi kuliko yeye.

Musimbi huuza mboga katika soko hili hili la Lubao, upande wa juu, karibu na mashine ya kusaga. Kwa miaka miwili ya kwanza, yeye na Shitanda waliketi kila Ijumaa umbali wa hatua mia moja na hawakuongea. Musimbi alijua tu kwamba huyu ndiye aliyesema alimwona mwanawe. Mwaka wa 2022 Shitanda aliwaacha mbwa kwa Wesley, akapanda hadi kwenye meza yake.

"Mama Phanuel," alimwambia, "siku ile mimi nilimwona mbwa."

Alimweleza yote, pamoja na Lugari. Musimbi hakuinua kichwa. Aliendelea kufunga mafungu ya mrenda, moja, la pili, la tatu.

"Umemaliza?" alimwuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Basi toka hapo mbele. Unanizibia wateja."

Musimbi hakanushi kwamba alimjibu hivyo. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti tulivu, na anapozungumza huku akipima kunde kwa mkebe hakosei kipimo. "Ningemwambia nini?" anauliza. "Nilikuwa nimelia ya kutosha. Huyo alikuja nimlilie tena, ili yeye apumue."

Anasema kilichomuumiza zaidi si lile kosa la kwanza. "Kukosea kwa mdomo, kila mtu anakosea. Lakini alijua, akajificha. Mwanangu alikuwa anahesabu siku ukutani, yeye anahesabu mistari ya mahindi."

Mbwa mwenyewe alikufa mwaka ule wa corona. Musimbi anasema tangu Phanuel achukuliwe alikataa kula, lakini anaongeza upesi kwamba pengine alikula sumu ya panya, hataki kutia chumvi.

Katika jambo hili kuna familia nyingine inayosubiri, nayo haitajwi sana. Navalayo, binti wa marehemu Makhanu, amehudhuria kesi mara nyingi kama Shitanda. Hasemi kwamba Phanuel ana hatia. Hasemi kwamba hana. "Wakisema si yeye, mimi nitakubali," anasema. "Lakini miaka sita wamemtazama mtu mmoja. Wakimwachilia, wataanza kumtafuta mwingine leo? Miwa imekatwa mara ngapi tangu siku hiyo?"

Shitanda anasema swali hilo limemnyima raha zaidi ya yote, kwa sababu anaona amewakosea watu wawili: aliye hai na aliyekufa.

Mwezi Machi mwaka huu, hatimaye, aliitwa kizimbani. Alivaa koti aliloozeshea binti yake. Aliapa. Kisha kiongozi wa mashtaka akamwomba aionyeshe mahakama mtu aliyemwona jioni ile, ikiwa yumo chumbani.

"Nilizungusha macho," anasema Shitanda. "Nilitaka kwanza nimwone Phanuel, hata kabla sijasema. Nilimtafuta kijana wa miaka kumi na sita. Hakuwepo. Kulikuwa na mwanaume ana ndevu, amekonda, ananitazama. Ndipo nikajua ni yeye."

Waliokuwepo wanasimulia kwamba alimkazia macho kijana huyo hadi jaji akamwuliza kama anaumwa. Kisha akasema hakumwona mtu yeyote. Alimwona mbwa.

Kiongozi wa mashtaka alimwonyesha taarifa. Alimwuliza kama sahihi ni yake. Ni yake. Kama alimwambia afisa kwamba alimwona Phanuel. Alimwambia.

"Kwa hivyo unaiambia mahakama hii kwamba kuna mbwa anayeitwa Phanuel?"

"Sisi pale sokoni tulikuwa tunamwitanga hivyo, bwana."

"Na mwenye mbwa, mnamwita nani?"

"Phanuel."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Kicheko kilianza kwenye viti vya nyuma.

"Sasa, mzee, yule afisa angejuaje unamzungumzia nani?"

"Angeniuliza alikuwa na miguu mingapi."

Chumba kizima kilicheka, hata karani. Shitanda anasema hakukusudia mzaha. Lilikuwa jibu la kweli alilokuwa nalo. Jaji hakucheka, aliinama akaandika kwa muda. Phanuel hakucheka pia. Musimbi, aliyekuwa ameketi safu ya tatu, alijifunika uso kwa leso, na hakuna aliyejua kama ni kicheko au kitu kingine.

Upande wa mashtaka uliomba shahidi huyo ahesabiwe kuwa amewageuka. Alihojiwa saa mbili zaidi: amelipwa na nani, ameongea na mama wa mshtakiwa mara ngapi, alikimbilia Lugari kwa sababu gani. Yote aliyajibu. La Lugari alisema alikimbia kwa sababu ni mwoga. Kiongozi wa mashtaka, ambaye pengine alikuwa amejiandaa kwa uongo, hakuwa na swali lingine juu ya hilo.

Kama maneno yake yaliaminika, hakuna ajuaye. Mwezi ujao jaji atatoa uamuzi iwapo Phanuel ana kesi ya kujibu. Akisema hana, kijana atatoka siku hiyo hiyo. Akisema anayo, kesi itaendelea, na Wesley ameshajitolea kufika kueleza jinsi mbwa wanavyopewa majina Lubao. "Nitawapelekea hata Immaculate na watoto wake sita," anasema, kisha anamtazama Shitanda na kujirekebisha. "Mbwa wa Immaculate."

Ijumaa iliyofuata baada ya ushahidi, Musimbi alishuka kwa mara ya kwanza hadi upande wa mbwa. Alisimama mbali kidogo, kwa kuwa tangu yule wa mwanawe afe hapendi kuwakaribia.

"Yale maneno ya miguu," alimwambia Shitanda, "uliyafikiria mwenyewe?"

"Yalitoka tu, Mama Phanuel."

"Ungeyafikiria mapema."

"Kweli, mama."

Kisha Musimbi akampa masharti. Siku ya uamuzi asije mahakamani. Mwanawe akiachiliwa, anataka atoke kwenye ule mlango bila kuona uso wa mtu yeyote wa mambo hayo. Ampe wiki mbili ale, alale, atembee shambani. Baada ya hapo Shitanda anaweza kuja nyumbani, mchana, peke yake. Phanuel ameshaambiwa. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

"Na wakimkuta ana kesi ya kujibu?" Shitanda alimwuliza.

"Utakuja hivyo hivyo. Utakwenda kumwona kule aliko."

Sasa anajiandaa kwa safari hiyo, iwe ya nyumbani au ya rumande. Alikuwa amewaza maneno mengi: habari za karatasi ile ya Kiingereza, za woga wake, za Lugari, za miaka ambayo hakuna awezaye kuirudisha. Usiku akiyapanga yanakuwa marefu kama hotuba, asubuhi yanamwaibisha. Mkewe alimwambia kijana amesikiliza watu wenye maneno mengi kwa miaka sita, amwonee huruma.

Kwa hivyo ameyapunguza. Msamaha hatauomba, anasema, maana kuomba ni kumpa kijana kazi nyingine. Atafika, atavua kofia, atamsubiri ainue uso. Safari hii atamtazama vizuri: ndevu, macho, kovu kama lipo, mpaka awe na hakika ya aliyesimama mbele yake.

"Halafu nitamwambia neno moja tu," anasema Shitanda. "Mwanangu, sikukuona."